Shati la Mtoto Ndani ya Jalada la Ubaruku

Rehema alinipigia simu wiki iliyopita, mwezi wa pili tangu niage ofisi. Baada ya shikamoo na habari za mapumziko alikuwa na maswali mawili. La kwanza, ramani moja ya skimu ya umwagiliaji mliyonayo kwenye kompyuta imefunguka ikiwa tabaka moja tu. Mito, barabara, mipaka na nyumba vimekuwa mistari mitupu, haijulikani upi ni wa nani, na ukivuta mfereji barabara inafuata. La pili, mlipokuwa mnapanga majalada ya zamani mmekuta ndani ya jalada la Ubaruku shati la mtoto mchanga, limekunjwa vizuri, lina doa la waridi. "Mama Atupele, tulitupe, au tulifue kwanza tukuletee?"

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Nikamwambia maswali yake yana jibu moja, ila ni refu kwa simu, nitaliandika. Ndilo hili, kwenu nyote wa ofisini. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vilikuwa vichache na vidogo, na vyote vimo kwenye faili langu kama panya hawajalisoma kabla yenu.

Nilianza kazi Iringa mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, na sanduku la bati na sweta mbili, kwa sababu niliambiwa Iringa kuna upepo. Kuna upepo kweli. Chumba cha kuchorea kilikuwa na meza sita ndefu zilizoinama, na nyuma ya kila meza mwanamume. Nilipoingia wote waliinua vichwa isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa Mzee Mdemu, mkuu wa chumba, Mhehe mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Alikuwa anamalizia mstari, na yeye akiwa anamalizia mstari hainui kichwa hata nyumba ikiungua. Alipomaliza akafuta kalamu, akailaza, ndipo akanitazama.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene," nikaitika. Ndilo neno pekee la Kihehe nililokuwa nalo.

"Umekula nini asubuhi?"

"Chai na maandazi, mzee."

"Kanawe."

Nilikwenda kunawa. Akakagua vidole vyangu, akanirudisha nikanawe tena. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi yangu kazini, na sijawahi kuyasahau, ingawa hotuba nilizopokelewa nazo sehemu nyingine nimezisahau zote.

Sababu ya kunawa ilikuwa kitambaa. Ramani za kudumu siku zile tulizichora kwenye kitambaa cha pamba laini kabisa, kilichopakwa wanga mzito mpaka kinang'aa na kuonyesha kilicho chini yake. Tone moja la jasho likianguka, wanga unavimba na kazi ya wiki imekwenda. Mafuta ya maandazi ni mabaya zaidi, maana wino unayakimbia. Kalamu ilikuwa midomo miwili ya chuma na skrubu katikati: ukikaza mstari unakuwa mwembamba, ukilegeza unanenepa. Ukikosea, unakwangua kwa wembe polepole, halafu unasugua kwa ukucha pale ulipokwangua ili wino mpya usisambae. Wiki mbili za kwanza sikuchora chochote chenye jina. Nilichora mistari, na Mzee Mdemu akapita akiitazama kama mganga anayetazama ulimi.

Baada ya hapo akanifundisha tabaka. Kila jambo lilikuwa na kitambaa chake na rangi yake. Mistari ya mwinuko kahawia. Mto na mifereji ya maji bluu. Mifugo nyekundu. Vingine vyote, nyumba, njia za watu, mipaka na mipango ya wakubwa, vyeusi. Kila kitambaa kilikuwa na matundu matatu ya pini pembeni, mahali palepale, ili ukivilaza vyote juu ya meza ya kioo yenye taa chini, tundu lione tundu na nchi nzima ijitokeze. Ukivitenganisha, kila kimoja kinaeleza habari zake bila kumkata mwenzake kauli.

Alikuwa na kitambaa cha tano pia, ambacho sikukikuta kwenye kitabu chochote. Alikiita Sijui. Mstari wowote asiokuwa na uhakika nao aliuweka huko kwa penseli, peke yake, mpaka mtu aende akautazame. Nakumbuka mkubwa mmoja kutoka makao makuu akiuliza kwa hasira, "Ramani ya serikali ina Sijui?" Mzee Mdemu akamjibu kwa adabu zote, "Hii inayo, mheshimiwa. Zile nyingine mmezificha wapi?"

Na kilikuwa na desturi moja chumba kile. Mmoja wetu akipata mtoto, alipewa vitambaa vya ramani vilivyokwisha kazi. Ukivichemsha kwa sabuni wanga unatoka, wino mweusi unaokaa juu ya wanga unatoka nao, kinabaki kitambaa cheupe laini ambacho madukani miaka ile hukukiona, na siku kikionekana foleni inazunguka jengo. Watoto wengi wa Iringa wa umri fulani walibatizwa wakiwa wamevaa mashamba ya watu.

Nilipoolewa nilihamishiwa Mbeya, tukapanga chumba na ukumbi Ilomba. Mkuu wangu mpya alikuwa Mhandisi Kyando, Mkinga mchapakazi, mwema sana, na mwenye haraka ya kupita kiasi. Alikula chakula cha mchana akiwa amesimama. Alikuwa amepewa kazi ya kupanga mifereji mipya na majaruba ya mpunga upande wa Ubaruku, na ramani ikawa yangu.

Kwa mara ya kwanza nilipelekwa kuiona nchi ninayoichora. Kiangazi kile bonde la Usangu, ambamo Ubaruku imo, lilikuwa vumbi tupu. Mwaka uliotangulia ng'ombe waliingia kwenye mpunga, watu wakapigana kwa fimbo, na wawili walikuwa bado wanachechemea nilipofika. Ndipo wakulima na wafugaji walipokutana mbele ya shule wakakubaliana jambo moja: iwepo njia ya ng'ombe ya kushuka mtoni wakati wa kiangazi, isilimwe, na ng'ombe wasitoke nje yake. Hakuna aliyeandika. Wote walisema itaandikwa kwenye ramani, wakaninyooshea mimi kidole.

Aliyenionyesha njia hiyo alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini, mtu wa maneno machache na hatua ndefu. Tulitembea kutoka kwenye maboma yao mpaka mtoni, mimi na ubao wa kuchorea shingoni, yeye mbele na fimbo. Kila nilipoweka alama alisimama akanisubiri. Tulipofika majini akauliza, "Sasa huo mstari wetu utaujuaje katikati ya mingine?"

"Utakuwa mwekundu, mzee. Nyekundu ni ya ng'ombe."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nyekundu. Hiyo hata mie naiona."

Njia ile haikupimwa kwa vyombo. Ilikuwa kwenye karatasi yangu ya ubaoni kwa penseli, na kutoka hapo niliihamishia kwenye kitambaa chekundu, tabaka la tatu. Karatasi yenyewe ilikaa kwenye meza ya ofisi miezi kadhaa na nina hakika iliishia kufungia karanga. Nilikuwa sijali, kwa kuwa kitambaa nilikuwa nacho.

Sasa nafika kwenye kosa, na ni langu.

Mkutano wa kupitisha mpango ulikaribia. Mhandisi Kyando alitaka nakala ishirini za ramani nzima, kila mjumbe na yake. Mashine yetu ya kunakili ilikuwa ile ya amonia, inayokutoa machozi, nayo ilijua rangi moja tu, nyeusi. Ilibidi tabaka zote nne zinakiliwe kwenye kitambaa kimoja kwa wino mweusi. Utaratibu ulikuwa kwamba ukipoteza rangi unaweka alama: njia ya ng'ombe inakuwa vidoti, njia ya watu vistari, mfereji mstari mzima. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba, meza inanigusa tumbo kabla mkono haujafika kwenye kazi. "Chora tu mistari mitupu," alisema Mhandisi. "Alama utaziweka ukirudi." Nikachora mistari mitupu, yote minene sawa, yote myeusi.

Siku ya kuanza likizo ya uzazi nilimsimulia ile desturi ya Iringa, kwa utani. Akafurahi, akasema mbona hata Mbeya tunazaa. Akavichukua vile vitambaa vinne, akavikunja mwenyewe, akanipa. "Mchoro wa pamoja umekamilika. Hivi vya chini havina kazi tena." Nikavipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Tulikuwa watu wawili wenye vyeti, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwa alama zilikuwa bado, na hivyo ndivyo vya kunionyesha pa kuziweka.

Atupele alizaliwa salama. Nilichemsha vitambaa, nikashona nepi, mashati na kofia, na shati moja nikampa jirani yangu Mama Neema ambaye naye alikuwa ametoka kujifungua. Wino mweusi ulitoka wote, kahawia na bluu zikafifia zikaisha. Kwenye baadhi ya vipande ilibaki michirizi ya waridi iliyogoma kabisa. Nilichemsha mara tatu. Nikalaumu maji ya Ilomba.

Niliporudi kazini masika yalikuwa yameshika. Mtu wa kwanza kuja mezani kwangu alikuwa Mzee Masanja, koti limelowa, ametembea mpaka barabara kuu ndipo akapata lori. Alikuwa na nakala moja ya ramani, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Akaifungua mbele yangu kwa uangalifu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na uzazi. Hebu nionyeshe yetu."

Nilitazama. Kutoka juu mpaka mtoni ilishuka mistari zaidi ya kumi, yote sawa. Juu yake Mhandisi alikuwa ameshapanga majaruba mapya kwa penseli, yamejaa sehemu yote ya mashariki.

"Wanasema njia haipo," alisema Mzee Masanja. "Kijana wa ofisi yenu alipokuja aliwaambia hii yote ni mifereji ya zamani, itafukiwa. Nikasema yupo binti alitembea na mimi. Wakaniuliza iko wapi hiyo nyekundu." Akapangusa maji usoni. "Mwanangu, kiangazi kikifika bila njia, vijana wangu watapita kwenye mpunga. Mie siwezi kuwazuia, ng'ombe wana kiu. Na mara hii hawatapigana kwa fimbo."

Nilijua mahali kitambaa cha nyekundu kilipo. Kilikuwa kwenye kamba ya nguo, Ilomba, na mstari wenyewe nilidhani umetoka wote na wanga. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanapata moto. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nimeipoteza mimi. Hakunikemea. Aliikunja ramani yake akairudisha kwenye plastiki, na hilo liliniuma kuliko kukemewa.

Kwenda kuitazama upya ardhini haikuwezekana, kwa sababu bonde lote lilikuwa chini ya maji mpaka katikati ya mwaka, na mkutano wa kugawa majaruba ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ramani Mzee Masanja alikuwa haisomi; aliijua ardhi, hakuijua karatasi, na neno lake tupu mkutano usingelipokea, kwa kuwa ng'ombe ni wake. Mhandisi Kyando aliposikia alikaa chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Halafu haraka yake ikamrudia. "Kisia. Chagua mstari unaofanana nao, tuendelee." Nikamwambia sikubali kukisia kitu ambacho watu watauana kwacho. Akanitazama, akasema, "Basi una mpaka Ijumaa."

Jumamosi alfajiri nilipanda basi la Iringa, Atupele mgongoni, kile kitambaa cha pamoja kwenye bomba la karatasi ngumu. Nilifika kwa Mzee Mdemu jioni. Ulikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na alikuwa na kikombe chake mkononi, lakini alipoliona bomba alikifunika kwa sahani. Mkewe, Mama Mdemu, alimpokea mtoto. Nikaeleza. Nilingoja anigombeze.

"Yote mistari mitupu?"

"Yote, mzee."

"Kalamu moja?"

"Moja."

Akavuta pumzi. "Haya. Usianze na unachokitafuta, utakiona kila mahali. Anza na kile usichoweza kukikosea."

Tulilaza kitambaa kwenye meza yake ya chakula, na juu yake karatasi mpya nyembamba, moja kwa kila tabaka, na moja ya Sijui. Andikeni hii, Rehema na wenzako, maana ndiyo jibu la swali lenu la kwanza. Mstari hausahau tabia yake hata ukiunyang'anya rangi. Tulianza na iliyonyooka kwa rula: hakuna mto wala ng'ombe anayetembea kwa rula, kwa hiyo hiyo ilikuwa ya Mhandisi, tukaitoa. Halafu tukatafuta mistari isiyogusana kamwe na wenzake, inayokwenda sambamba na kuzunguka vilima: hiyo ni mwinuko, tukaitoa. Baada ya kupata mwinuko tukawa tunajua wapi ni juu na wapi ni chini, na ndipo mlango ulipofunguka. Mstari unaotoka mtoni ukateremka tu bila kupanda hata mahali pamoja ni mfereji. Ukipanda hata kidogo, si maji.

"Kilichobaki," alisema Mzee Mdemu akisugua macho, "kinatembea kwa miguu."

Tukatoa ile inayoishia mlangoni mwa nyumba, kwa kuwa hiyo ni ya watu. Jumapili mchana tulikuwa tumebakiwa na mistari miwili tu inayotoka juu na kwenda moja kwa moja mpaka mtoni bila kusimama kwa mtu. Mmoja mashariki, mmoja magharibi. Mmoja ulikuwa njia ya ng'ombe, mwingine njia ya akina mama ya kuteka maji. Njia ya kutekea maji ingeweza kuhamia juu ya tuta la jaruba bila kumsumbua mtu. Ya ng'ombe isingeweza. Na yote miwili ilipinda, ilipanda, ilishuka, na kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa minene sawasawa.

Mimi niliyeitembea njia ile mara moja tu, macho kwenye ubao, sikukumbuka ni upi. Tulibishana saa nzima. Nikasema ng'ombe wangependa magharibi, kuna mteremko mdogo. Mzee Mdemu akasema sijawahi kuwa ng'ombe. Mwisho akachukua penseli, akahamishia yote miwili kwenye Sijui, akaiweka penseli chini.

"Hapo ndipo akili inapoishia, mwanangu. Zaidi ya hapo ni uongo."

Nililia. Sioni aibu kuandika hivyo. Mama Mdemu akaja na chakula, akamweka Atupele kwenye mapaja ya mumewe ili apate mikono ya kupakua. Mzee akambembeleza mtoto, akimrusharusha, kisha akaacha. Akamgeuza akamtazama mgongoni. Akashusha miwani.

"Huyu mtoto umempaka wino?"

"Hapana mzee, ni doa. Halitoki, nimechemsha mara tatu. Nadhani ni maji ya kule kwetu."

"Doa linanyooka hivi?" Akafuatisha kwa ukucha, kutoka begani mpaka kwenye pindo. "Doa linapinda, halafu linaendelea? Nyekundu ilikuwa ya nini?"

"Ya ng'ombe," nikasema, na nikasimama, bakuli la mboga likamwagika.

Wino mweusi hukaa juu ya wanga. Wino mwekundu wa siku zile ulikuwa rangi ya maji, unapenya wanga na kuingia kwenye uzi. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza, Mzee Mdemu mwenyewe alinifundisha, na miezi mitatu nilimvika mwanangu njia ya ng'ombe wa Mzee Masanja nikilaumu maji ya bomba. Tulimvua shati palepale. Alilia kwa baridi ya Iringa mpaka Mzee akamfunga kwenye koti lake la kanisani.

Mgongo wa shati ulionyesha kipande kimoja tu, kifupi mno kutuamulia. Vingine vilikuwa Ilomba. Nilirudi Mbeya kesho yake, nikafumua kofia na shati la pili mezani, nikaenda kwa Mama Neema. Mwanawe alikuwa amelivaa.

"Mama Neema, samahani sana, naliomba lile shati."

"Zawadi inaombwa tena?"

"Nitakurudishia. Kuna ramani."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima iwapo uzazi umenipanda kichwani. Kisha akamvua mtoto. "Kama ni ramani," alisema, "hii sehemu ya mbele ameitapikia."

Ofisini nilivipanga vipande juu ya kioo chenye taa. Kulikuwa na mapengo ya kwapa na shingo, lakini pembe mbili bado zilikuwa na matundu ya pini, na matundu hayadanganyi. Nikalaza kitambaa cha pamoja juu, tundu likaona tundu. Mhandisi Kyando aliinama pembeni yangu, mkono kwenye kidevu. Waridi ilianzia chini ya mstari wa mashariki, ikapinda ulipopinda, ikapotea kwenye kwapa la Atupele, ikatokea upande wa pili palepale nilipoitegemea, ikashuka mpaka mtoni kwenye pindo la shati la Mama Neema. Mstari wa magharibi haukuwa na kitu chini yake. Mhandisi alichukua kifutio akaanza kufuta majaruba yake ya mashariki, polepole, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Ijumaa tulikwenda Ubaruku kwa Land Rover iliyoogelea zaidi ya kwenda. Mkutano ulikuwa darasani. Niliwaeleza tulivyofanya, nikaweka nguo mezani. Darasa zima lilicheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Mwenyekiti wa wakulima, mzee wa Kisangu ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale wawili waliochechemea, akanyanyua shati na kuligeuza. Mzee Masanja alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameiona nguo hata kidogo.

"Masanja," mwenyekiti akaita, "njia yako, kabla ya kufika mtoni, inakwendaje?"

"Inanyooka. Halafu inazunguka kichuguu kikubwa mkono wa kushoto. Halafu inanyooka tena."

Mwenyekiti akafuatisha waridi kwa kidole mpaka kilipozunguka kushoto, kikarudi, kikanyooka. Akalikunja shati taratibu akalirudisha mezani.

"Hakuna mama atakayechora uongo halafu amvike mtoto wake," akasema. "Njia ipo. Tuendelee na mengine."

Nilitoka nje. Mzee Masanja alikuja akasimama karibu nami, tukatazama maji yaliyofunika bonde lote, hata yeye mwenyewe asingeweza kuonyesha njia ilipo.

Kiangazi kilipofika ng'ombe walishuka kwa njia yao na mpunga haukuguswa. Nililijua hilo kwa sababu siku moja Mzee Masanja alifika tena ofisini, koti limekauka safari hii, na kibuyu cha maziwa na furushi. Ndani ya furushi kulikuwa na kitambaa kipya cheupe, kirefu, cha dukani, ambacho sijui alikipangia foleni wapi.

"Tulimvua mtoto nguo kwa ajili ya ng'ombe," alisema. "Haifai. Mvishe."

Kile kitambaa kilimtosha Atupele, wa Mama Neema, na wadogo zake wawili waliofuata. Mzee Mdemu nilimwandikia barua ndefu. Alinijibu kwa mstari mmoja: niweke alama safari ijayo.

Basi, Rehema, faili lenu msilikisie. Toeni ya rula kwanza, kisha mwinuko, kisha maji, kisha wanaotembea kwa miguu, na fungueni tabaka jipya mliite Sijui, hata kama kompyuta itashangaa. Na lile shati ni la kwanza, alilokuwa amevaa Atupele kule Iringa. Sikulifumua kwa sababu kipande chake cha njia chote kiko mgongoni. Mhandisi Kyando ndiye aliyeliweka kwenye jalada kwa mkono wake, na mkitazama nyuma ya jalada mtaona alivyoandika: tabaka la tatu, nakala halisi, hakuna nyingine.

Lile si doa. Msilifue.